Rafiki Katika Nyumba ya Mgonjwa

(Somo kwa wainjilisti, wazee wa kanisa na Wakristo wote. Soma kwanza Wafilipi 2:25–30.)

Wazee wetu walituachia neno hili: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Twalisema mara nyingi, hata watoto wadogo walijua. Walakini kulijua neno si kulitenda. Basi yatupasa kuanza somo hili kwa kuungama kosa letu wenyewe, ili msomaji asidhani ya kuwa twafundisha tukiwa tumesimama mahali pa juu.

Miaka michache iliyopita mwanamume mmoja wa usharika wetu aliugua kwa muda mrefu. Tulikwenda kumtazama pamoja na wazee wawili wa kanisa. Tuliketi karibu na kitanda chake, tukasoma Zaburi, tukaomba, tukaimba. Mkewe akatupikia chai, tukanywa, tukaaga. Njiani tuliambiana ya kwamba kazi ya siku ile imekwisha vema. Baadaye ndipo tuliposikia ya kuwa maji tuliyoyanywa yalikuwa ya mwisho katika mtungi wa nyumba ile. Yule mama hakupata nafasi ya kwenda kuteka, maana hakuwa na mtu wa kumwachia mgonjwa, nasi hatukumwuliza. Jioni jirani yake alikuja pasipo kuitwa, na ndoo kichwani. Alimimina maji mtungini, akachochea moto, akaketi penye mgonjwa, akamwambia mwenzake, "Dada yangu, nenda ukalale kidogo."

Je, jirani yule alijuaje ya kuwa mtungi ni mtupu? Alijua kwa sababu siku zote walikuwa wakiazimana chumvi na kinu, wakiangaliana watoto, wakienda kuteka kwa njia moja. Siku ile alimwona mwenzake hakupita, akafahamu. Sisi hatukufahamu, maana mlango wa nyumba ile tuliujua siku za ugonjwa tu. Hapo tulipata fundisho tunalotaka kuwashirikisha ninyi leo, nalo ni hili: rafiki wa siku ya ugonjwa huandaliwa katika siku za afya.

Ili tulione jambo hili wazi, na tutazame nyumba moja ambayo kila Mlutheri amesikia habari zake, bali si wengi walioingia ndani yake kwa mawazo: nyumba ya Martin Luther katika mji wa Wittenberg, nchi ya Ujerumani, mwaka 1527.

1. MARAFIKI WA MEZANI

Luther alimwoa Katharina von Bora tarehe 13 Juni 1525. Wakakaa katika nyumba kubwa iliyokuwa zamani ya watawa. Aliyewafungisha ndoa ni Johannes Bugenhagen, mchungaji wa usharika wa mji. Huyu alizaliwa katika nchi ya Pommern, ndiyo sababu rafiki zake walimwita Pommer. Miongoni mwa mashahidi wa ndoa alikuwapo Justus Jonas, mwalimu wa chuo kikuu cha mji ule.

Watu hawa walishirikiana katika kazi kubwa ya kutafsiri na kusahihisha Biblia ya Kijerumani. Walakini hawakuwa wenzi wa vitabu tu. Walikula pamoja, na wake zao walijuana, na watoto wao walijulikana kwa majina. Bugenhagen ndiye aliyekuwa akisikia maungamo ya Luther. Maana yake, yule ambaye watu wengi walimwona kuwa shujaa, Bugenhagen alimjua pia katika udhaifu wake. Tuliweke neno hili moyoni, kwa kuwa yote yaliyofuata yalitoka katika shina hili.

2. USIKU WA TAREHE 6 JULAI

Asubuhi ya siku ile Luther alishikwa na huzuni nzito ya moyo. Akamwita Bugenhagen, akaungama kwake, akafarijiwa kwa Neno la Mungu. Jioni Jonas na mkewe walikuja kula, kwa maana walikuwa wamealikwa. Luther alisikia uvumi mkubwa katika sikio, akaondoka mezani kwenda kulala. Jonas akamfuata. Luther alipofika mlangoni pa chumba aliishiwa na nguvu, akaomba maji, na Jonas akammwagia maji ya baridi. Kisha akaja tabibu Augustin Schurff, naye akaamuru mgonjwa atiwe joto mwilini. Bugenhagen naye akafika.

Luther alidhani ya kuwa saa yake imekuja. Alitaka kumwona mwanawe Hans, mtoto wa mwaka mmoja tu, akamkabidhi Mungu mtoto huyo pamoja na mama yake, akisema ya kwamba hana mali ya kuwaachia isipokuwa vikombe vichache vya fedha. Siku ya pili mwili wake ulipata nafuu. Jonas na Bugenhagen waliandika habari za usiku ule, ndiyo sababu sisi leo twazijua.

Wapendwa, angalieni jinsi msaada ulivyokuja. Rafiki aliyemwagia maji hakuletwa na habari za ugonjwa. Alikuwa amekuja kula. Kama isingalikuwa desturi yao kula pamoja, nani angalikuwapo mlangoni mwa chumba saa ile? Mara nyingi twawaza ya kuwa urafiki ni jambo la nafasi, na ugonjwa ni jambo la wajibu. Sivyo. Wajibu ule hupita katika njia iliyolimwa na urafiki. Na njia isiyopitwa kila siku huota majani.

3. NYUMBA YAWA HOSPITALI

Hayakupita majuma mengi, tauni ikaingia Wittenberg. Tarehe 10 Agosti Johann, mtawala wa Sachsen, alimwandikia Luther ahamie mji wa Jena pamoja na jamaa yake. Chuo kikuu kilihamia huko mwezi ule ule. Wengi waliondoka. Luther alibaki, na Bugenhagen alibaki, pamoja na mashemasi wa usharika. Wanafunzi wachache waliosalia, Luther aliwafundisha Waraka wa Kwanza wa Yohana, ule unaofundisha upendo wa ndugu. Na alipotoka darasani alikwenda kwa wagonjwa. Mke wa Tilo Dene, mkuu wa mji, alikufa karibu mikononi mwa Luther.

Mwezi wa Novemba msiba uliingia katika nyumba ya wachungaji wenyewe. Hanna, mke wa shemasi Georg Rörer, alijifungua mtoto mfu, kisha yeye mwenyewe akafa kwa tauni. Huyu alikuwa dada yake Bugenhagen. Ndipo Bugenhagen na jamaa yake walipohamia nyumbani kwa Luther. Humo mlikuwa na wagonjwa tayari: mke wa tabibu Schurff, na mwanamke mwingine aliyeitwa Margarethe von Mochau. Mtoto Hans naye aliugua; kwa siku kadha wa kadha hakula chakula, akaishi kwa vinywaji tu. Naye Katharina alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia. Luther aliwaandikia rafiki zake ya kuwa nyumba yake imegeuka hospitali.

Mungu aliwarehemu. Wale wanawake wawili walipona, na Hans akapona. Tarehe 10 Desemba Katharina akajifungua mtoto wa kike, Elisabeth. Ugonjwa ulipokwisha Luther alihesabu hasara ya nyumba yake, akaona ya kuwa watu wa nyumbani wote wako hai, ila nguruwe watano wamekufa. Walakini tusiifanye habari hii kuwa tamu kupita kweli. Jonas, aliyekuwa ameondoka mjini, alifiwa na mwanawe mdogo. Na Elisabeth aliaga dunia tarehe 3 Agosti 1528, kabla hajatimiza miezi minane. Urafiki haukuzuia kifo. Kazi yake ilikuwa nyingine: kuzuia mtu asiachwe peke yake na kifo.

4. JE, IMETUPASA KUKIMBIA AU KUKAA?

Mchungaji Johann Hess wa mji wa Breslau alimwuliza Luther kama ni halali Mkristo kuikimbia tauni. Luther alijibu kwa kitabu kidogo kilichopigwa chapa mwaka ule ule wa 1527. Jibu lake lina pande mbili, na wanaosoma upande mmoja hupotea.

Upande wa kwanza: aliyefungwa na wajibu asiondoke. Mchungaji, mtawala, mtumishi na bwana wake, wazazi na watoto, hao wasiachane, ila kama wamepatikana wengine wa kushika mahali pao. Hata jirani amefungwa kwa jirani, ikiwa mgonjwa hana mtu mwingine. Asiyefungwa hivyo aweza kwenda zake, wala asihukumiwe; maana kuulinda uhai si dhambi.

Upande wa pili: anayekaa asimjaribu Mungu. Atumie dawa, aifukize nyumba, aepuke mahali na watu asipokuwa na haja ya kuwapo. Mtu akijua ya kuwa ana ugonjwa wa kuambukiza, kisha akachangamana na wengine makusudi, amewatendea wenzake ubaya mkubwa. Tena Luther alishauri makaburi yawe nje ya mji. Basi kwake ujasiri na uangalifu ni ndugu wawili wa tumbo moja.

Watu wa zamani hawakujua sababu ya tauni. Leo twaijua. Alexandre Yersin aligundua kijidudu chake katika Hong Kong mwaka 1894. Nacho huenezwa hasa na viroboto wa panya, na ikiwa kimeingia mapafuni huenezwa hata kwa kikohozi. Sasa iko dawa ya kuutibu ugonjwa huo, ikiwa mgonjwa amewahi kufikishwa hospitali. Wala jambo hili si habari ya Ulaya tu. Ndugu zetu wa Usambara, katika wilaya ya Lushoto, wanaujua msiba huo, kwa maana tauni ilizuka kwao mwaka 1980, ikarudi mara nyingi miaka iliyofuata.

Sasa fikirini ugonjwa mwingine. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera. Hofu ikaenea kuliko maarifa. Watu waliokuwa wamekula sahani moja tangu utoto walianza kutengeana vikombe. Mgonjwa aliwekewa chakula mlangoni, na rafiki alisalimia kutoka uani, akapita. Walakini virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa kula pamoja, wala kwa kushikana mikono, wala kwa kuketi kitandani pa mgonjwa. Kwa hiyo wengi walinyimwa mkono wa rafiki bure, pasipo faida ya mtu yeyote. Leo ziko dawa ziwawezeshazo wenye virusi hivyo kuishi miaka mingi na kufanya kazi zao; lakini dawa haimrudishii mtu rafiki aliyemkimbia.

Hapa twajifunza ya kuwa upendo wahitaji maarifa. Katika tauni maarifa yalitaka mtu aangalie. Katika UKIMWI maarifa yalitaka mtu asogee karibu. Mwinjilisti asiyeuliza kwa mganga wa zahanati namna ugonjwa unavyoenea aweza kukosa pande zote mbili: atapeleka ambukizo penye hatari, na atapeleka hofu pasipo na hatari.

5. MGONJWA NAYE APOKEE

Twapenda kunena habari za wajibu wa rafiki, bali mgonjwa naye ana wajibu wake. Baada ya usiku ule wa Julai mwili wa Luther ulipata nafuu, lakini moyo wake ulikaa gizani kwa miezi mingi. Je, alificha? Tarehe 2 Agosti alimwandikia rafiki yake Philipp Melanchthon, akamweleza wazi jinsi alivyotikiswa, akaomba asiache kumwombea. Mwalimu wa wengi hakuona haya kuwa mwenye kuhitaji.

Baada ya miaka kumi na mitatu mambo yaligeuka. Mwezi wa Juni 1540 Melanchthon aliugua sana katika mji wa Weimar, kwa sababu ya uchungu wa moyo. Luther alisafiri kwenda kwake, akamkuta karibu na kufa. Akaomba kwa bidii, akamshika mkono, akamtia moyo, akamshurutisha ale. Melanchthon alipona, akaishi hata mwaka 1560. Yeye aliyeombewa jana ndiye aliyeomba leo.

Katika sharika zetu wako watu, hasa wanaume, na hasa sisi wachungaji, wapendao kuwatazama wengine bali hawapendi kutazamwa. Tukiugua twasema, "Si kitu, nitapona," huku nyumba inaanguka. Mtu wa namna hii amnyima rafiki yake baraka. Paulo mwenyewe, mtume, alipokea vitu mkononi mwa Epafrodito; na Epafrodito alipougua karibu na kufa, Paulo hakuona haya kuandika ya kwamba alihuzunika. Soma tena Wafilipi 2, utaona ya kuwa waraka ule umejaa habari za rafiki wanaotafutana.

6. TUFANYE NINI?

Tangu siku ya ule mtungi mtupu tumejiwekea kanuni hizi, nasi twawashauri wenzetu wazijaribu.

Kwanza, tembelea nyumba wakati wa afya. Keti jikoni, siyo katika chumba cha wageni tu. Ujue maji hutoka wapi, mbuzi wako wangapi, mtoto yupi asoma shule ipi. Mambo haya madogo ndiyo utakayoyahitaji siku ya shida.

Pili, usiende kwa mgonjwa mikono mitupu, wala usingoje kupikiwa. Kuni, maji, unga, sabuni, mafuta ya taa: hivyo navyo vyahubiri. Hakika wale watu wanne wa Marko 2 hawakumletea mwenzao aliyepooza maneno, walimbeba.

Tatu, mtazame mwenye kuuguza. Mgonjwa ana watu wa kumwuliza hali, bali mkewe au mamaye huulizwa na nani? Mpe usiku mmoja wa kulala. Palilia mgomba wake, au kama'ulia ng'ombe wake. Hiyo ni sehemu ya kumtibu mumewe.

Nne, ziara iwe fupi na irudiwe. Watu ishirini siku moja, kisha kimya majuma matatu, huo ni mzigo. Heri mtu mmoja kila jioni. Wazee wa kanisa waweza kupanga zamu katika kila mtaa.

Tano, mpeleke mgonjwa hospitali mapema, ufuatane naye. Maombi na dawa havigombani. Luther aliomba, na tabibu Schurff alikuwapo.

Sita, kama mgonjwa hana ndugu wa karibu, usiseme ya kuwa si wa ukoo wako. Mithali 27:10 yatufundisha ya kwamba jirani aliye karibu afaa kuliko ndugu aliye mbali.

MWISHO

Mwezi wa Februari 1546 Luther alikuwa safarini katika mji wa Eisleben, ndipo alipozaliwa. Akashikwa na ugonjwa, akafa tarehe 18. Je, ni nani alikuwapo karibu na kitanda chake? Alikuwapo Justus Jonas, yule yule aliyemmwagia maji miaka kumi na minane na zaidi iliyopita. Mwili uliporudishwa Wittenberg, Bugenhagen, aliyemfungisha ndoa na aliyekaa naye wakati wa tauni, ndiye aliyehubiri siku ya mazishi, tarehe 22. Na Melanchthon, aliyeshikwa mkono Weimar, alinena habari za maisha yake. Rafiki wa mezani walikuwa rafiki wa kitandani, na rafiki wa kitandani wakawa rafiki wa kaburini.

Nasi twamkumbuka yule mama wa ndoo. Mgonjwa wake hakupona. Tulimzika majira ya masika. Siku ya mazishi mjane hakutaja sala yetu, wala hatukustahili itajwe. Alitaja maji yale. Basi, msomaji mpendwa, ukiisha kuisoma karatasi hii, usingoje habari za ugonjwa. Leo, watu wakiwa wazima, nenda ukaombe chumvi kwa jirani.

MASWALI YA KUJIFUNZA PAMOJA

1. Katika mtaa wetu ni nyumba ipi tunayoijua kwa nje tu? Nani ataitembelea juma hili?
2. Luther aliwapa nani ruhusa ya kuikimbia tauni, na nani aliwafunga wakae? Wewe umefungwa kwa nani?
3. Ni ugonjwa gani tunaouogopa kuliko inavyopasa, na upi tunaouogopa kidogo kuliko inavyopasa? Mwulizeni mganga wa zahanati.
4. Je, wewe mwenyewe ukiugua, wamjua mtu ambaye utamruhusu aingie jikoni mwako?